Fundi hachezeshwi pembeni

Jumamosi jioni nilikwenda kuangalia mechi ya vijana kwenye uwanja wa vumbi karibu na ninapokaa. Sikwenda kikazi. Nilikwenda kama mtu yeyote wa mtaani, karanga zangu mkononi, nikakaa juu ya tairi lililofukiwa nusu nyuma ya goli. Dakika 10 tu nikawa nimeshamwona dogo mmoja. Mwembamba, soksi zimeshuka, anaangalia kushoto anapiga kulia. Kila mpira unaomfikia unaondoka ukiwa mzuri kuliko ulivyokuja. Mabeki wa upande wa pili wakaanza kugombana wao kwa wao.

Dakika ya 20 na ushee akapokonywa mpira katikati, wapinzani wakashuka nao, shuti likagonga mwamba. Kocha akaruka kwenye benchi kama kaumwa na siafu. "Hukabi! Toka hapo katikati! Nenda winga!" Dogo akaenda winga. Kuanzia hapo hadi filimbi ya mwisho nilimhesabia: aligusa mpira mara 7, na 2 kati ya hizo zilikuwa za kurusha. Timu yake ikalala 2-0.

Nikamfuata kocha baada ya mechi, nikamuuliza kwa heshima zote. Mwalimu, yule dogo vipi? Akanijibu, "Mdogo wangu, mpira anao ila mwili hana. Katikati panataka wanaume."

Wadau, hiyo "katikati panataka wanaume" ndiyo imenifanya nikae kwenye kompyuta saa hizi wakati asubuhi nina habari ya kuwasilisha ofisini. Nimeisikia kwa makocha, kwa mashabiki, kwa wachambuzi wa redioni. Nimeichoka! Mimi nasema hivi: ukiwa na fundi unaweza kumsogeza mbele, unaweza kumsogeza nyuma. Ukimsogeza pembeni umemtoa uwanjani bila kadi nyekundu.

Msidhani ni ugonjwa wa viwanja vya vumbi peke yake. Waingereza, hao tunaowaamkia kila wikiendi kwenye vibanda umiza, waliuugua mbele ya dunia nzima. Mwaka 2004 kwenye Euro kule Ureno, kocha Sven-Göran Eriksson alikuwa na Steven Gerrard, Frank Lampard na Paul Scholes, na nafasi za katikati zilikuwa 2. Beckham alikuwa kulia, hagusiki. Eriksson akafanya nini? Akampanga Scholes kushoto. Scholes! Mtu ambaye Manchester United mpira ulikuwa unapitia kwake kama magari yote ya mjini yanavyopitia Ubungo.

Mimi mwaka ule nilikuwa sijaanza hata shule ya msingi. Mechi zile nimeziangalia baadaye, chuoni, usiku, badala ya kusoma. Na nilichokiona ni mtu anayetafuta njia ya kurudi nyumbani. Anapewa mpira kule kwenye chaki, anaingia ndani, anakuta Lampard yupo, anarudi. Kweli, alifunga dhidi ya Croatia tarehe 21 Juni, England wakashinda 4-2. Siku 3 baadaye, robo fainali dhidi ya wenyeji Ureno, alitolewa dakika ya 57 akaingia Phil Neville. England wakatoka kwa penalti. Agosti mwaka huohuo Scholes akastaafu timu ya taifa akiwa na miaka 29, mechi 66, mabao 14. Nisimzulie: mwenyewe amesema mara nyingi kuwa kushoto siko kulikomwondoa, alitaka muda na familia yake. Sawa, namwamini. Ila hata kama alikwenda zake kwa raha, kosa la kocha linabaki palepale.

Tuongee mpira wenyewe sasa. Anayecheza katikati ana uwanja pande zote nne. Mpira unaweza kumjia kutoka kokote na kuondoka kwenda kokote. Anayecheza pembeni ana mstari wa chaki begani, na chaki ni beki asiyechoka na wala hapigwi chenga. Nusu ya pasi ambazo fundi angezipiga zimekufa kabla hajaupokea mpira. Halafu mpira hauanzii pembeni, unapelekwa. Mpaka mabeki wauguse, kiungo auguse, beki wa pembeni auguse, ndipo umfikie huyu mwenye akili kuliko wote, na ukimfikia wapinzani wameshajipanga. Kinachobaki ni kumimina majalo, kazi ambayo wako 100 wanaoiweza.

Kichekesho chenyewe ni hiki. Tunaambiwa anapelekwa pembeni kwa sababu hakabi. Hebu niambieni, katika mfumo wa 4-4-2 nani anakimbia kurudi nyuma kuliko winga? Beki wa pembeni wa wapinzani akipanda, winga anageuka naye. Akipanda tena, anageuka naye tena. Siku ile ya Ureno nyuma ya Scholes alikuwepo Ashley Cole, na Cole alikuwa na mzigo wa Cristiano Ronaldo. Kwa hiyo mtu umemwondoa katikati kwa kisingizio kwamba hajui kukaba, unakwenda kumpa kazi ya kumsaidia mwenzake amkabe Ronaldo! Ni sawa na kumwondoa mpishi jikoni kwa sababu hawezi kubeba magunia, ukampeleka stoo.

Waliokuwa na akili walifanya kinyume chake. Andrea Pirlo alikuwa namba 10 ya kawaida pale Inter, akakosa nafasi, akakopeshwa Brescia mwanzoni mwa 2001. Brescia namba 10 alikuwa Roberto Baggio, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayemtoa Baggio. Kocha mzee Carlo Mazzone angeweza kumtupa yule kijana kushoto au kulia, kama kocha wangu wa Jumamosi. Hakufanya hivyo. Akamrudisha nyuma, mbele ya mabeki. Aprili 2001 kule Turin, Pirlo akiwa huko nyuma akamrushia Baggio pasi ndefu juu ya mabeki wa Juventus, Baggio akaishusha akampita nayo kipa Van der Sar, ikawa 1-1. Angalieni lile bao halafu mjiulize, pasi ile ingepigwa na nani kama Pirlo angekuwa amesimama kwenye chaki?

Mwaka huohuo akaenda Milan, na Carlo Ancelotti alipoichukua timu akajikuta na neema inayofanana na ya Eriksson: Pirlo, Rui Costa, kisha 2002 wakaja Seedorf na Rivaldo. Yeye akawapanga kwa kina, mmoja nyuma ya mwenzake. Fainali ya Ligi ya Mabingwa 2003 pale Old Trafford walianza Pirlo, Seedorf na Rui Costa wote pamoja, na Gennaro Gattuso akiwa ndiye mwanamume anayetakiwa na kocha wangu. Mwanamume mmoja alitosha. Milan wakabeba kombe kwa penalti mbele ya Juventus, wakalibeba tena 2007. Katikati ya hapo Italia wakachukua Kombe la Dunia 2006, na pasi ya bao la Grosso dhidi ya Ujerumani dakika ya 119 ni ya Pirlo.

Tarehe 24 Juni 2012 naikumbuka mwenyewe. Nilikuwa shule ya msingi, nikatoroka nyumbani kwenda kibanda umiza kuangalia robo fainali ya Euro, England na Italia. Ilianza saa 4 kasorobo usiku na ikaenda mpaka penalti, kwa hiyo mnaweza kukisia nilipokelewaje na mama. Dakika 120, 0-0, na mtu mmoja mwenye ndevu na miaka 33 anatembea tu katikati ya uwanja anagawa mipira kama anagawa pilau msibani. England wamejipanga na 4-4-2 yao, viungo wanakimbia mpaka wanashika viuno, hakuna anayemfikia kwa wakati. Italia wakiwa nyuma kwenye penalti akamdokolea kipa Hart mpira wa taratibu katikati ya goli. Italia wakashinda 4-2. Baadaye nilipokuja kuangalia tarehe nikashtuka: ilikuwa miaka 8 kamili, siku kwa siku, tangu Scholes atolewe dakika ya 57 kule Lisbon. Robo fainali ileile, penalti zilezile, na Ashley Cole alikuwepo zote mbili.

Najua mtakuja na Iniesta. Hispania alicheza kushoto, akafunga bao la Kombe la Dunia 2010, vipi hapo? Iniesta kushoto kwake kulikuwa kwenye karatasi. Nyuma yake kulikuwa na Busquets, Xabi Alonso na Xavi, mpira haupotei, na yeye alikuwa anahamia ndani anapotaka. Mpe dogo wangu wa Jumamosi viungo hao watatu, halafu mpange hata golini. Mtakuja na Gerrard pia, ambaye Benitez alimpanga kulia mara nyingi msimu wa 2005/06 akafunga mabao 23. Hapo nawapa nusu pointi. Ila Gerrard ni mkimbiaji mwenye shuti. Ukimpa nafasi ya kukimbia atakushukuru. Mchezeshaji anataka mpira miguuni, mara nyingi kadiri iwezekanavyo.

Hoja ninayoiheshimu ni nyingine. Fundi akikaa nyuma akapokonywa, bao liko mlangoni. Machi 2010 Ferguson alimpa Park Ji-sung kazi moja tu, kumfuata Pirlo kila anakokwenda, na Milan wakachapwa 4-0. Hatari hiyo ipo na imezidi siku hizi ambapo timu zinakabia juu. Lakini dawa yake ni kumpa mtu wa kumlinda, au kumsogeza mbele kidogo. Guardiola msimu wa 2017/18 alikuwa na De Bruyne na David Silva, wote watu wa namba 10. Akawashusha wote wawili wakawa namba 8, Fernandinho nyuma yao akilinda. Pointi 100, mabao 106.

Na hapa Bongo je? Msimu wa 2023/24 wafungaji wawili wa juu wa Ligi Kuu walikuwa viungo: Aziz Ki wa Yanga mabao 21, Feisal Salum wa Azam mabao 19. Viungo! Fei Toto ndiye mfano wangu mzuri wa kusogezwa mbele. Miaka ya mwanzo pale Yanga alikuwa anacheza chini zaidi, akaja kupandishwa karibu na goli, na mabao yakafuata. Aliondolewa mstari mmoja akawekwa mwingine, lakini hakuondolewa katikati.

Halafu kuna Chama, Mwamba wa Lusaka. Hakuna kijiwe nilichopita ambacho sijasikia "Chama hakabi". Huyu ndiye aliyefunga dakika za mwisho dhidi ya AS Vita Machi 2019, Simba wakaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwaka 2024 akahamia Yanga ambako tayari walikuwepo Aziz Ki, Pacome na Maxi. Yaani England ya 2004, toleo la Jangwani. Yanga walichukua ubingwa, siwezi kubisha. Chama mechi nyingi alizianzia benchi, na baada ya msimu mmoja akaondoka kwenda Singida Black Stars. Mashabiki wake walinuna. Mimi naona benchi lina ukweli ndani yake: kocha anakwambia nimemchagua mwingine. Winga ya kusingiziwa ni uongo, kwa sababu kesho mchezaji akiboronga, kocha atasema alimpa nafasi.

Na gazeti litamuunga mkono. Hapa najisema mwenyewe. Msimu uliopita niliandika ripoti ya mechi nikamponda kiungo mmoja kijana kwamba "hakuonekana kabisa uwanjani". Nilikuwa nakimbizana na muda, mhariri ananipigia simu kila baada ya dakika 5. Nilipoirudia mechi ile kesho yake ndipo nikaona alipangwa kushoto kipindi chote cha kwanza, na timu ilikuwa inashambulia kulia. Hakuonekana kwa sababu alifichwa. Sikuandika marekebisho. Wiki mbili baadaye aliondolewa kwenye kikosi cha kwanza, na sijui ripoti yangu ilichangia kiasi gani. Sipendi kulifikiria sana.

Dogo wa Jumamosi ana miaka 15. Timu yake inacheza tena wiki ijayo, nikampigia simu kocha. Ni mtu mwema, tuliongea vizuri, tukacheka. Amesema atampa dakika 20 za mwisho katikati, kama watakuwa wanaongoza.

Kama watakuwa wanaongoza! Sasa wataongozaje, mwalimu?