Anga ya Eldoret isiachiwe mwewe peke yao

Kiswahili kina busara yake katika neno ndege. Kiumbe akipaa twasema ndege ameruka. Chombo kikipaa twasema ndege imeruka. Neno ni moja, ila upatanisho wa kisarufi hututenganishia chenye uhai na kisicho nao. Neno rubani nalo halikuzaliwa angani. Lilikuwa jina la mwongoza vyombo vya baharini, mjuzi wa miamba na mikondo, kabla eropleni haijaonekana pande hizi. Mswahili hakuona taabu kumpandisha rubani wake kutoka jahazini hadi mawinguni. Taabu ni yetu sisi wa leo: neno tumelipokea, ujuzi wenyewe tumewaachia wachache.

Simzungumzii rubani wa shirika, alipwaye mshahara kwa kusafirisha abiria. Namzungumzia rubani binafsi, mtu mwenye kazi yake nyingine, ambaye siku ya mapumziko huingia katika ndege ndogo ya injini moja, akapaa, akaiona nchi kutoka juu, kisha akarejea nyumbani. Sheria haimruhusu kutoza nauli. Kanuni za kimataifa zataka awe ametimiza umri wa miaka 17, na kwa kawaida awe amerusha ndege kwa muda usiopungua saa 40 kabla ya kupewa leseni.

Mchezo huu si mgeni nchini. Klabu ya marubani ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1927. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1936 kutoka Uingereza hadi Kanada. Hata hivyo, ulikuwa mchezo wa walowezi, na walowezi walipoondoka haukuteremka ukawafikia wananchi wa kawaida. Ulibaki Nairobi, katika uwanja wa Wilson, na huko ndiko uliko zaidi hadi leo.

Wilson umeelemewa. Ndege za watalii, za madaktari, za mizigo, za wanafunzi na za watu binafsi hugombea anga moja, huku mji ukiubana uwanja pande zote. Mnamo Machi 5, 2024, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana angani na ndege ya abiria iliyokuwa imetoka Wilson kuelekea Diani. Abiria walirudi salama. Mwanafunzi na mwalimu wake waliokuwa katika ile ndege ndogo walifariki. Si kazi yangu kumtafuta mwenye makosa. Nauliza tu: kwa nini anayejifunza kuruka, au anayeruka kwa kujifurahisha, alazimike kufanya hivyo mahali penye msongamano kuliko pote?

Kiasi cha kilomita 16 kusini mwa Eldoret kuna uwanja uliofunguliwa mwaka 1997, huku wapinzani na wafadhili wakilalamika kwamba ni ubadhirifu. Barabara yake ya kurukia ndege ina urefu wa takriban kilomita tatu na nusu. Zile za Wilson ni za kilomita moja na nusu hivi. Hapa hutua ndege za abiria kutoka Nairobi na za mizigo kutoka ng'ambo, kisha kwa saa nyingi anga hubaki ya mwewe. Mali ya umma iliyokwisha kulipiwa haifai kulala usingizi.

Wapo watakaosema kwamba Eldoret iko juu mno kwa ndege ndogo. Hoja hiyo ina uzito. Uwanja uko kwenye mwinuko wa mita 2,150 hivi. Mchana, joto likifika nyuzi 24, hewa huwa nyepesi kana kwamba uwanja uko karibu mita 3,000. Injini hupungukiwa nguvu, mabawa hukosa hewa ya kuegemea, na ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuiacha ardhi. Lakini ndiyo maana barabara ndefu ni neema, na ndiyo maana marubani wa ndege ndogo wenye hekima huruka asubuhi, kungali na baridi. Wanariadha wa dunia nzima huja Iten kufanya mazoezi katika hewa hii hii, kwa kuwa aizoeaye hashindwi na nyingine. Rubani aliyefunzwa kupiga hesabu ya uzito, joto na mwinuko hapa kwetu hatasahau hesabu hiyo akifika penginepo.

Wengine watasema ni anasa ya matajiri. Naam, ni ghali, na itaendelea kuwa ghali iwapo kila mmoja atajinunulia ndege yake. Ndege moja ikimilikiwa na klabu, gharama hugawanywa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege itenge saa maalumu za asubuhi kwa ajili ya ndege ndogo, na ipunguze ada za kutua kwa wanaojifunza. Pili, Kaunti ya Uasin Gishu isaidie kuanzisha klabu ya wazi, isiyouliza mtu ni mtoto wa nani. Tatu, vyuo vyetu vya hapa viwape wanafunzi wa fizikia na uhandisi nafasi ya kuruka, maana nguvu za hewa zikisomwa ubaoni pekee hubaki maneno. Pamoja na hayo, ukaguzi wa mitambo na wa afya za marubani usilegezwe hata kidogo. Anga haina huruma kwa mzembe.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2024. Jiji si majengo na taa za barabarani tu. Ni upeo wa kile ambacho watoto wake wanathubutu kukitamani. Mtoto wa mkulima wa mahindi husikia mngurumo, huinua macho, husema: ndege imepita. Nangoja siku atakapoinua macho na kusema: dada yangu amepita.