Tumbusi na Sumu Isiyomlenga

Mfugaji wa Kabingo aliyeamka akakuta ndama wake ameliwa na fisi ana haki ya kughadhibika. Walakini akinunua sumu ya wadudu wa shambani na kuipaka kwenye mabaki ya ndama yule ili alipize kisasi, atambue kwamba wa kwanza kufika mzogani aghalabu si fisi, bali ni tumbusi.

Tumbusi wetu hutafuta riziki kwa macho, na awapo angani huwachungua wenzake kama aichunguavyo ardhi: mmoja akishuka, jirani humfuata, na wa mbali humfuata jirani, hata ndege wa maili nyingi wakajumuika mahali pamoja. Kwa sababu hiyo mzoga mmoja wenye sumu waweza kuangamiza kundi zima. Na pengo lao halizibiki upesi, maana tumbusi mgongo-mweupe hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda lake hukaa kiotani miezi ipatayo minne.

Machi 2021, huko Ishasha katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, simba 6 walikutwa wamekufa, viungo vyao vimekatwa, na karibu yao tumbusi 8 wamelala maiti, ishara ya sumu. Tangu mwaka 2015 mgongo-mweupe, pamoja na yule tumbusi mdogo tuliyemzoea majalalani Kampala, wamo katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka duniani.

Asidi ya tumbo la tumbusi huua vijidudu vingi vya maradhi. Bara Hindi, tumbusi walipokufa kwa kula ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, mizoga ilioza mashambani na mbwa koko wakaongezeka, pamoja na hatari ya kichaa chao. Sisi wa Nakivale, ambao mifugo na watoto wetu huishi bega kwa bega, tusingoje mtihani kama huo.

Mfugaji naye asiachwe na hasara yake. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 imeweka njia ya fidia: basi fomu zake zifike hadi vijijini, na malipo yasicheleweshwe, wauzaji wa sumu waandikishe kila mnunuzi, nasi tuimarishe mazizi yetu na kuwalaza ndama ndani. Fidia ikilipwa kwa wakati, mwenye ng'ombe hatakuwa na udhuru wa kuishika sumu.