Mwacheni Mfiwa Alie

Mwanangu alifariki kwa malaria akiwa na umri wa miaka 6. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, mzee mmoja wa kanisa alinishika bega akaniambia, "Jikaze, baba. Usilie mbele za watu. Mungu amechuma ua lake." Nilinyamaza kwa heshima. Leo sinyamazi tena.

Ndugu msomaji, maneno hayo unayajua. Huenda umeambiwa, au umeyasema mwenyewe, kama nilivyoyasema mimi katika misiba ya wenzangu kabla zamu yangu haijafika. Tunayasema kwa nia njema. Lakini nia njema haiugeuzi uongo kuwa kweli. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliyaita mauti adui wa mwisho. Ikiwa mauti ni adui, kwa nini sisi tuyageuze kuwa kikapu cha Mungu cha kuchumia maua?

Wako watakaoniuliza: Je, machozi si dalili ya kukosa imani? La hasha! Soma Yohana sura ya 11. Yesu alipofika Bethania alijua kwamba muda si mrefu atamwita Lazaro atoke kaburini. Hata hivyo alilia. Hakuwaambia Martha na Mariamu wajikaze. Kama yeye mwenye uwezo wa kufufua alilia, sisi tusioweza kufufua hata kuku tumepata wapi mamlaka ya kumkataza mfiwa?

Watu hunitolea waraka wa kwanza kwa Wathesalonike. Nao hawausomi mpaka mwisho. Paulo hakukataza huzuni. Alikataza huzuni isiyo na tumaini. Hayo ni mambo mawili.

Tena wakumbuke rafiki za Ayubu. Waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno. Hiyo ndiyo iliyokuwa huduma yao bora. Walipofumbua vinywa kumtetea Mungu, ndipo walipoharibu, na mwishowe Mungu akawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika.

Hata wasomi hawakuepuka njia hii. Mwaka 1940 mwandishi C. S. Lewis alitoa kitabu cha kueleza kwa hoja kwa nini Mungu anaruhusu maumivu. Mwaka 1960 mke wake, Joy, alifariki kwa saratani. Kitabu alichoandika katika huzuni hiyo kilitoka mwaka 1961 kwa jina la bandia, N. W. Clerk. Humo hoja hazikunyooka kama zile za kwanza. Humo yumo mtu anayemlalamikia Mungu, wala hamwachi.

Basi, je, mimi nilifarijiwa? Ndiyo, lakini si na yule mzee. Siku ya tatu alikuja bibi mmoja jirani, ambaye naye aliwahi kuzika watoto. Aliketi mkekani karibu na mke wangu, akamshika mkono, wakalia pamoja. Jioni aliosha vyombo. Kabla ya kuondoka alituomba tumfungulie Biblia, kwa kuwa macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, nikasoma Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani bila jibu. Usiku ule niliomba kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilitambua kwamba hata malalamiko yangu yalikuwa yameandikwa tayari katika Kitabu cha Mungu, kwa hiyo sikuwa nje ya nyumba yake.

Naamini ufufuo. Naamini nitamwona mwanangu. Lakini tumaini hilo ni mkate, si kizibo cha kuzibia kinywa cha mwenye uchungu. Ukienda msibani kesho, ndugu yangu, acha maua yako nyumbani. Keti. Lia na waliao. Kisha, vyombo vikiwa vichafu, vioshe.