Usipime Mto kwa Macho Peke Yake



Ikiwa shamba lako liko kando ya kijito kitokacho milima ya Nyandarua, huenda umekwisha kufikiri kujenga kivuko, kibanda cha pampu au boma la ng'ombe karibu na maji. Ukiulizwa maji hufika wapi mvua ikizidi, utaonyesha kwa kidole na kusema, "Hapa. Nimekaa miaka kumi, sijayaona yakipita hapa." Huenda ni kweli, lakini haitoshi.

Miaka kumi ni michache kwa mto. Wazee waliona mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961, wakaziona tena mwisho wa mwaka 1997. Mwaka 2024 tuliona sote.

Kwa sababu hiyo husimamishwa mitoni mbao za kupimia maji, zenye namba. Msomaji wa ubao huandika kimo cha maji kila siku. Wataalamu nao hupima upana, kina na mwendo wa maji, ili wajue kila kimo kinapitisha maji kiasi gani.

Tuseme kijito kina upana wa mita 4, kina cha mita 1, na maji yanakwenda mita 2 kwa sekunde. Zidisha: ni mita za ujazo 8 kila sekunde, yaani mapipa 40 ya lita 200. Mvua ikinyesha sana mlimani, kina chaweza kuwa mita 2, upana mita 6, na mwendo mita 3. Sasa ni mita za ujazo 36, au mapipa 180. Kina kimeongezeka mara mbili tu, lakini maji yameongezeka zaidi ya mara nne! Tena furiko huja na magogo na mawe. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyozuiwa chini ya tuta la reli iliyozibwa na takataka yalipasua njia, yakaua watu wengi. Kalavati dogo ni hatari.

Daftari likiwa na miaka 49, furiko lililo kubwa kupita yote hukadiriwa kuwa hutokea kwa wastani mara moja katika miaka 50. Usidhani kwamba likiisha kupita litapumzika miaka 50. Laweza kurudi mwaka ujao. Daraja likitumika miaka 25, nafasi ya kukutana na furiko la namna hiyo ni kama 40 katika 100.

Lakini kuna shida moja. Mto wa milimani hupanda na kushuka kwa saa chache. Msomaji hufika asubuhi, na furiko lilipita usiku wa manane, au ubao wenyewe umechukuliwa na maji. Basi siku inayohitajiwa kuliko zote ndiyo isiyoandikwa.

Kwa maoni yetu, kazi hii si ya Serikali peke yake. Maji yakiisha kupungua, tazama mstari wa matope na takataka kwenye miti na mawe. Pale palipo juu kabisa, pigilia msumari au tia rangi. Fanya hivyo mahali pawili au patatu kando ya mto, andika tarehe na saa, kisha umjulishe afisa wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kwa alama hizo mtaalamu aweza kupima mteremko wa maji na kukadiria furiko lilivyokuwa, hata kama hakuna aliyeliona.

Wala usikubali mtu ang'oe ubao wa mto kwa ajili ya kuni au chuma chakavu. Atakuwa ameiba miaka ya hesabu kwa faida ya siku moja, na kivuko kitakachobomoka huenda ni kile wapitapo watoto wako kwenda shule.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mto nao ni mali. Tuutunzie daftari lake.