Meno ya Wazee Wetu

Hapa Makwale husemwa kwamba mzee kukosa meno ni desturi ya uzee. Neno hili twalikataa. Uzee haung'oi jino. Jino huangushwa na kuoza na ugonjwa wa ufizi, na yote mawili yazuilika. Lakini kwa kuwa sote twaliamini neno lile, mzee hupelekwa kwa mganga siku ya kung'olewa tu, kisha hubaki na uji katika nchi ya mpunga.

Waganga wa meno hufundishwa Dar es Salaam tangu mwaka 1979. Twashukuru. Ila aliyejifunza kwa vinywa vya vijana hajakijua kinywa cha bibi wa miaka 75. Ufizi umeshuka, mizizi i wazi; dawa za shinikizo la damu pengine zakausha mate, na kinywa kikavu huoza upesi; mkono watetemeka, mswaki haushikiki. Asiyeuliza, "Bibi, wanywa dawa gani?" atang'oa, kisha ashangae damu haikatiki.

Sera ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wazee wasiojiweza. Yamfaa nini asiyeweza kutoka kitandani? Twataka wanafunzi waletwe vijijini, waingie nyumbani, kabla ya kupewa shahada. Huko watajifunza yasiyo kitabuni: kwa desturi ya Wanyakyusa mkaza mwana hamkaribii baba mkwe, basi kumsugua mzee meno afundishwe mjukuu.