Kabla Upande Mathree ya Ushago, Angalia Keria Kwanza

Desemba ikikaribia, pitia Nyamakima ama Country Bus uone venye keria za mathree hujazwa. Magodoro, sofa, masanduku ya shule, na juu ya hizo zote gunia la mtu ambaye hata hasafiri, anatuma tu mzigo. Konda anapitisha kamba mara mbili, anagonga bodi, twende. Wewe uko ndani na earphones.

Hebu tupige hesabu. Gari ndogo nyingi zimetengenezwa zibebe kilo kati ya 50 na 100 kwa paa. Gunia la mahindi ni kilo 90. Yaani gunia moja tu na umemaliza, buda. Nissan ya watu 14 ni ngumu zaidi, lakini ndani tayari kuna karibu tani moja ya abiria kabla mzigo uguse keria.

Na shida si uzito peke yake, ni mahali umekaa. Kilo 200 zikiwa chini ya viti, gari inatulia. Hizo hizo zikiwa juu, kila kona zinaivuta ianguke. Jaribu kukimbia ukigeuka na mtoto mabegani, utaelewa. Thika Road hutaskia kitu. Ngoja mteremko wa Mai Mahiu ama kona za Nithi, halafu dere akwepe bodaboda ghafla.

Godoro nalo usidharau ati ni jepesi. Gari ikichapa 80, upepo unaingia chini yake unaliinua. Zile raba za tyubu zinavutika, mzigo unaanza kucheza pole pole hadi siku unaruka kwa kioo cha gari ya nyuma. Kamba isiyovutika ndiyo inafaa, na ikazwe tena baada ya kilomita kadhaa, juu mzigo hushuka na kamba inalegea. Ni konda yupi ushaona akifanya hivyo?

Sasa mbona hii kitu haiishi? Lori zinapimwa Mlolongo, Gilgil na Mariakani. Lakini sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki ya 2016 inaanzia gari za tani 3.5, Nissan inapita tu. Karao wa roadblock anahesabu vichwa, hapimi kilo (na wakati mwingine hata vichwa hahesabu, si tunajuana). Halafu kila gunia linalipiwa kivyake. Fare ni ya mwenye gari, lakini ya keria mara nyingi ni ya dere na konda. Nani hapo atakataa gunia la tano?

Kwa hivyo umebaki wewe. Unga na simiti ziingie buti ama chini ya kiti, juu ziende nguo. Gari ikiwa imelala upande na bado iko steji, ngoja ingine, hata kama mathe anapiga simu kila dakika. Na angalia keria kabla ulipe. Konda akishashika doo, kurudishiwa ni hadithi.