Tusingoje Matanga

Sisi tulio ughaibuni, tukifiwa hatuhitaji kufundishwa. Habari ikitoka Kiminini au Kimilili usiku wa manane, kabla hakujapambazuka kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina ameshapatikana, nambari ya kutumia mchango imeshabandikwa, na mtu wa Dallas ameshampigia wa Doha kumuuliza kama amesikia. Mwili utasafirishwa. Fahali atanunuliwa, hema na viti vitakodiwa, na majina ya waliochanga yatasomwa moja moja pamoja na kiasi cha kila mmoja. Hatujui serikali iliyo na kasi hiyo.

Swali la toleo hili ni kwa nini kasi hiyo hutujia mtu akishakufa tu.

Tuanze na mbolea, maana hiyo ilitugusa mifukoni. Kila Februari na Machi simu zetu hulia: shamba limelimwa, mvua inakaribia, kilichobaki ni mbegu na mbolea. Nasi hutuma. Mwaka 2024 tulituma kama kawaida, na mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ulikuwa ukiuzwa shilingi 2,500 kwenye maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao. Machi ile ile wanahabari wa Africa Uncensored wakafichua kwamba baadhi ya mifuko iliyokuwa ikiuzwa haikuwa na mbolea. Ilikuwa na mchanga na mawe yaliyosagwa. Serikali ikakana, kisha ikakubali, kisha ikaahidi fidia. Lakini mahindi hayangojei kamati, na mkulima wa Kwanza au Tongaren aliyekwisha kupanda hawezi kurudisha mbegu gunani.

Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, aliundiwa kamati ya Bunge ya kuchunguza kama aondolewe. Mwezi Mei kamati ikasema mashtaka hayakuthibitishwa, akabaki ofisini. Aliondoka Julai 11, pamoja na karibu baraza zima la mawaziri, Rais Ruto alipolivunja kwa shinikizo la vijana waliojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Yaani kilio cha mkulima wa mahindi kilipata jibu la aina fulani kwa jasho, na kwa damu, ya watu waliokuwa wakidai jambo jingine. Sisi tuliolipia mifuko ile, tulio na jumbe za M-Pesa za kuonyesha nani alitumiwa shilingi ngapi na siku gani, hatukupeleka hata barua moja ya pamoja kwa Bodi, kwa kaunti wala kwa Bunge. Ushahidi tulikuwa nao kwenye simu.

Tuseme wazi pia jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Mwaka ule wa 2024 makundi yetu yalijaa ushujaa. Watu walioketi Minnesota na Manchester waliwahimiza vijana wa nyumbani waingie barabarani na wasirudi nyuma. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuja kuhesabu vifo 60. Kuandamana ni haki yao, Ibara ya 37 ya Katiba inaitaja bila kigugumizi, na vijana wale walifanya kazi ambayo wazee wao walishindwa. Lakini kumtuma mtoto wa dada yako mbele ya bunduki ukiwa umbali wa bahari ni ujasiri wa bei rahisi mno. Tukitaka kusimama pamoja nao, tutafute kazi inayotugharimu sisi.

Kazi hiyo ipo, na kuna watu wa kwetu walioifanya tukiwa tunatazama kwingine. Juu ya Mlima Elgon, palipo baridi hata mchana, wanaishi Waogiek wa Chepkitale, wafugaji na warina asali. Mwaka 2000 serikali iliitangaza ardhi yao, zaidi ya hekta 17,000, kuwa hifadhi ya wanyama. Walifukuzwa, nyumba zao zikachomwa, wakarudi, wakafukuzwa tena. Wengi wetu tungefanya mojawapo ya mambo mawili: kumtafuta mbunge, au kukata tamaa. Wao walikwenda mahakamani. Na kesi ilipokuwa ikiburuzwa mwaka baada ya mwaka, hawakukaa kuisubiri. Waliketi wazee kwa vijana, wakaziandika sheria za jamii ambazo babu zao walikuwa wakizisema kwa mdomo: hakuna kuchoma makaa, hakuna kulima kule juu kwa ajili ya soko, hakuna kuua tembo. Wakateua walinzi wao wenyewe, vijana wa pale pale, wa kuwakamata wachoma makaa na kuwapeleka kwa wenye mamlaka. Kwa hiyo ilipodaiwa kwamba watu ndio wanaouharibu msitu, tayari walikuwa na daftari la kuonyesha.

Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi mjini Bungoma iliamua kwamba ardhi ile ni ya jamii. Bungoma hiyo hiyo tunayoijua kwa stendi ya Kanduyi na miwa ya Nzoia. Ushindi mkubwa kama huo ulipatikana karibu na kwetu, na mwana wa Bungoma aliye ughaibuni anaweza kukueleza kila alichosema kila mwanasiasa wiki iliyopita asiweze kukueleza huo.

Mtu ambaye hajawahi kufuata kesi hudhani kikwazo ni wakili. Wakili mzuri wa haki za umma mara nyingi hupatikana, na wengine hawatozi ada. Kesi za watu wa kawaida hufa kwa nauli. Mzee anayetakiwa kutoa ushahidi Jumanne lazima ashuke kutoka mlimani Jumatatu, alale mahali, ale, kisha aambiwe kesi imeahirishwa hadi mwezi ujao. Akiahirishiwa mara nne, hatokei tena. Mama aliyesaini ombi la kupinga dampo hana pesa ya kutoa nakala za vyeti. Kijana aliyepiga picha za maji machafu hana bando ya kuzituma. Vitu vidogo vidogo vya shilingi mia tano na elfu moja ndivyo vinavyoua mambo makubwa, na sisi ndio watu wenye shilingi elfu moja.

Na watu wa kawaida wakivumilia, hushinda. Kule Owino Uhuru, Mombasa, Phyllis Omido hakuwa wakili wala mwanasiasa. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri, na mtoto wake akapatikana na sumu ya madini hayo mwilini. Alipigana miaka mingi pamoja na majirani zake. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaivuruga, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Katiba yetu, Ibara ya 70, inasema anayekwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi hahitaji kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Wanaokaa mbali na kijiji wausome mstari huo mara mbili.

Sasa Webuye, ambako mambo yalikwenda vingine. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilianza kazi katika miaka ya sabini, na kila aliyewahi kupita pale kwa basi anaikumbuka ile harufu iliyopenya hata madirisha yakiwa yamefungwa. Mabati ya nyumba yaliliwa na hewa. Maji taka yaliingia Mto Nzoia, ule ule unaoanzia milima ya Cherangani na Elgon, unaopita Trans Nzoia na Bungoma hadi Budalang'i na ziwani. Watu walilalamika, lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyelipwa na kiwanda. Hatuwalaumu. Ni nani atakayeupigia kelele mkono unaolipa karo? Mwaka 2009 kiwanda kikafungwa, mshahara ukaondoka, na mabati yaliyoliwa yakabaki yameliwa. Mji ulipoteza afya kwanza na kazi baadaye.

Hapo ndipo aliye mbali anapokuwa na nafasi ambayo wa karibu hana. Chifu hatujui. Kibarua chetu hakiko mikononi mwa kiwanda cha pale. Tunaweza kusaini ombi kwa majina yetu kamili na kulipeleka Bungeni chini ya Ibara ya 119, au kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, na asiwepo wa kutusimamisha kazi. Hata hivyo tuangalie: jina lako la ukoo lina ndugu waliobaki nyumbani. Waulizeni kwanza. Asiyeuliza huwaletea wenzake balaa kisha akaita hilo uanaharakati.

Na kuna mambo yasiyohitaji mahakama wala ujasiri wowote. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe ambazo kila kaunti inalazimika kuzifuata. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1. Mwelekeo wa bajeti, Februari 28. Makadirio yenyewe, Aprili 30. Wananchi wana haki ya kutoa maoni katika safari yote hiyo, na vikao hufanyika kwenye kumbi za wadi, mara nyingi mbele ya watu wachache walioletwa na mwakilishi wa wadi na kupewa soda. Mnakumbuka 2015, Bungoma iliponunua wilbaro kumi kwa shilingi 109,320 kila moja? Nchi nzima ilicheka. Nasi tulicheka, tukatumiana picha. Lakini wilbaro zile zilinunuliwa kwa bajeti ya kaunti, na bajeti hupitia vikao. Ukimpigia shangazi yako wiki ya kikao, ukamtumia nauli na maswali mawili yaliyoandikwa, umefanya zaidi ya picha mia za kuchekesha.

Kuhusu kura tutakuwa wafupi, kwa sababu takwimu zinatosha. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Katika uchaguzi wa 2022, waliojiandikisha kupiga kura kutoka nchi zote 12 zilizoruhusiwa walikuwa 10,443. Masinde Muliro, mtu wa kwetu na mmoja wa waasisi sita wa vuguvugu la upinzani la FORD, alifariki Agosti 1992 alipotua Nairobi akitoka London, alikokwenda kutafuta fedha za kampeni. Wakati huo asiye nyumbani hakuwa na kura. Leo anayo, akitaka.

Tunaelekea uchaguzi wa Agosti 2027, na wenye umri wanakumbuka machafuko ya 1992 na 2008: Endebess, Kwanza, watu wamelala kwenye uwanja wa maonyesho Kitale, na mlimani kundi la wapiganaji la SLDF kisha operesheni ya jeshi, wanaume wakitoweka. Majina ya wengi waliotoweka tunayajua kwa sababu mashirika madogo ya Bungoma, Mwatikho likiwa mojawapo, yalikwenda nyumba kwa nyumba kuyaandika huku yakiogopwa na pande zote mbili. Jumuiya yetu ina Wabukusu, Wasabaot, Watachoni, Wapokot, Wateso, Wakikuyu na Waturkana. Msimamizi wa kundi atakayeachia uvumi wa kikabila ukae hata saa moja ataulizwa kwa jina katika kurasa hizi.

Pendekezo la kamati ya jumuiya yetu ni hili. Kila tunapochanga kwa ajili ya msiba, sehemu moja ya kumi ya mchango iingie mfuko tofauti, tuuite Mfuko wa Nauli. Utalipa usafiri na chakula cha mashahidi, nakala za hati, ada ya kujiunga na vyama vya misitu na vya watumiaji maji kule Elgon na Cherangani, na safari za kwenda kwenye vikao vya bajeti. Hautapitia mkono wa mwanasiasa yeyote, wa chama chochote. Wanachama wa Marekani wameuliza kuhusu usajili wetu wa hisani: sheria ya kule inatukataza kumpigia debe mgombea, haitukatazi kumlipia mzee matatu ya kwenda mahakamani.

Wapo wanaosema hizi ni pesa kidogo mno kwa matatizo makubwa kiasi hiki. Mwaka 1983 wasomaji wa jarida moja la Uswidi, Vi, walianza kuchanga kwa ajili ya miche ya miti Pokot Magharibi. Shirika lililozaliwa na mchango ule likaja kuweka ofisi Kitale na kufanya kazi na wakulima kuvuka mipaka ya Kenya. Wale walikuwa wasomaji tu, na hawakuwa na shangazi Kapenguria.

Wapo pia wanaosema kumkata marehemu sehemu ya kumi ni kumvunjia heshima. Hoja hiyo ni nzito, na wazee wana haki ya kuitetea. Tutapiga kura katika mkutano mkuu. Anayepinga aje apinge mle ukumbini, kipaza sauti kikiwa wazi, si kwenye simu za usiku baada ya kikao kufungwa.